Mama anapanda mlima vizuri lakini kushuka kunamshinda: je, afanyiwe upasuaji wa mgongo?

BintiUsambara

Ndugu zangu, ninaomba msaada wa mawazo kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68, anayeishi Lushoto. Ni mwaka wa pili sasa: akitembea dakika kumi hivi, miguu yote miwili huwa mizito na kufa ganzi kuanzia matakoni hadi kwenye vigimbi, ikambidi aketi juu ya jiwe au ainame ameshika magoti ndipo aweze kuendelea. Kinachotushangaza ni kwamba akiwa ameinama shambani anapalilia, hata kwa saa nzima, halalamiki, na njia ya kupanda kwenda kanisani humwia rahisi kuliko ile ya kushuka kurudi nyumbani.

Mwanzoni tulidhani ni uzee. Baadaye tukaambiwa ni baridi yabisi, akapewa vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu, ambavyo alivimeza kwa miezi mingi bila mtu yeyote kumpima shinikizo la damu. Mwezi uliopita alifanyiwa kipimo cha picha cha MRI, na majibu yanasema kwamba mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni. Daktari ametaja upasuaji. Mjomba anasema mtu akiguswa uti wa mgongo hainuki tena. Kaka yangu anataka apelekwe haraka. Mimi ndiye ninayemuuguza, na ningependa kuelewa jambo hili kabla hatujaamua.

MtaalamuViungo

Dada, pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi ya tiba ya viungo kwa muda mrefu, na hilo ulilolieleza kuhusu kupanda na kushuka ndilo ningependa kulisikia kabla ya kuangalia picha yoyote. Anayeshuka mteremko hujirudisha nyuma ili asianguke, na mgongo ukirudi nyuma mfereji huzidi kubana. Anayepanda huinama mbele, mfereji ukapanuka kidogo, na mishipa ya fahamu ikapata nafasi pamoja na damu yake. Ndiyo sababu mzee mwenye tatizo hili anaweza kwenda mbali akisukuma baiskeli huku ameiegemea, lakini ukimnyang'anya baiskeli hafiki nusu ya njia.

Mtu ambaye miguu humuuma kwa kuziba kwa mishipa ya damu huwa kinyume: mlima ndio humshinda, na akisimama tu wima, bila kuketi wala kuinama, maumivu humpungua. Hata hivyo, mwombe daktari apapase mapigo ya damu kwenye nyayo za mama, kwa kuwa katika umri wake mtu aweza kuwa na yote mawili.

Kuhusu chanzo, kwa kawaida ni uchakavu wa miaka mingi. Diski iliyo kati ya pingili hupoteza maji na kutokeza nje, viungio vidogo vya nyuma huota vinundu vya mfupa, kano iliyo nyuma ya mfereji hunenepa, na wakati mwingine pingili moja huteleza mbele ya nyingine. Wazee wengi wana wembamba wa namna hiyo kwenye picha na hawaumwi popote. Kwa hiyo msitibu picha, mtibuni mama.

Hofu ya mjomba ninaielewa, lakini mwelezeni jambo moja. Ugwe mgongo wenyewe, yaani ile kamba ya fahamu inayopita ndani ya uti, huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni. Hapo mama alipobanwa, chini zaidi, kuna shada la mishipa ya fahamu iliyotawanyika kama mkia wa farasi. Upasuaji wa mahali hapo una hatari zake, kama vile maambukizi, damu kuganda miguuni, au kuchanika kwa utando unaofunika mishipa hiyo, lakini kupooza kabisa si jambo la kawaida.

Kwa sasa, alale chali avute magoti kifuani, mara chache kila siku. Aimarishe misuli ya tumbo. Aendeshe baiskeli ya mazoezi ikipatikana. Na atembee safari fupi fupi, akipumzika kabla maumivu hayajakolea. Asifanye mazoezi ya kupinda mgongo kwenda nyuma, hata kama jirani yake yalimsaidia.

MwanaWaFundi

Baba yangu alipasuliwa mwaka 2019 kwa tatizo kama hili. Walimwondolea mfupa na kano zilizokuwa zikibana, na baada ya miezi mitatu alikuwa akienda sokoni na kurudi, jambo ambalo lilikuwa limemshinda kwa miaka mitatu. Lakini nisikufiche: maumivu ya kiuno hayakuisha, na ganzi ya vidole vya mguu wa kushoto ipo hadi leo. Hakuna aliyetuambia mapema kwamba upasuaji huu husaidia zaidi miguu kuliko kiuno, na baba alivunjika moyo bure kwa sababu hiyo. Ulizeni pia kama watamwekea skrubu za kuunganisha pingili, na kwa nini.

DaktariWilayani

Swali hilo la skrubu ni zuri sana. Nchini Sweden, utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa 247, na ukaonyesha kwamba waliounganishwa pingili hawakupata nafuu kubwa kuliko waliopanuliwa mfereji tu, hata wale ambao pingili zao zilikuwa zimeteleza kidogo. Mwaka 2015, Marekani, wagonjwa 169 waliokuwa tayari kupasuliwa waligawanywa kati ya upasuaji na tiba ya viungo. Baada ya miaka miwili uwezo wao wa kufanya shughuli ulikuwa karibu sawa, ingawa zaidi ya nusu ya waliopangiwa tiba ya viungo waliishia kupasuliwa. Kwa maoni yangu, maana yake ni kwamba mama ana muda wa kujaribu mazoezi kwa bidii, na mlango wa upasuaji haufungwi akiupita kwanza.

Mkipewa pendekezo la sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) mgongoni, fahamuni kwamba katika utafiti wa mwaka 2014 wa wagonjwa 400, kuongeza steroidi kwenye dawa ya ganzi kulileta faida ndogo au hakukuleta kabisa baada ya wiki sita, na mwenye kisukari hupandishwa sukari nayo. Ile diklofenaki ya miezi mingi inanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa huweza kupandisha shinikizo na kudhuru figo: apimwe shinikizo la damu na figo wiki hii.

Yapo mambo yasiyongoja kikao cha familia. Akishindwa kutoa au kuzuia haja, akifa ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, au mguu ukilegea ghafla, afikishwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Akiwa na homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito au maumivu yasiyompa usingizi, daktari achunguze kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kwetu bado kipo. Na mikono ikianza kushindwa kufunga vifungo au hatua zikiyumba, shida inaweza kuwa shingoni, ambako ugwe wenyewe hubanwa, na huko hakuna faida ya kusubiri.

BintiUsambara

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Jana nilimsomea mama majibu yenu, naye akasema kwamba anachotaka ni kufika sokoni na kurudi kwa miguu yake. Maumivu ya kiuno ameyazoea tangu ujana. Asubuhi ya leo tulitembea pamoja nikihesabu: dakika tisa, kisha akaketi. Nimeandika kwenye daftari, na tutahesabu tena kila Jumamosi kwa wiki kumi na mbili. Shinikizo la damu limepimwa na liko juu, 168 kwa 96, hivyo vidonge tumevisitisha na keshokutwa tunarudi kwa daktari kwa ajili ya figo na yale mapigo ya nyayo.