MREJESHO: Tulikaa, tukausoma ule mwaka 1977

Shalom ndugu zangu. Niliuliza hivi: sisi watano tuliotoka kwa wafuasi wa William Branham, yule mhubiri wa Marekani, tunaogombana kila mara kuhusu alivyosema juu ya mwaka 1977, tukae tusome pamoja au kila mtu ashike njia yake? Wengi mlisema tukae.

Tumekaa Jumamosi, Sinza, kwa dada mmoja aliyetupikia pilau. Branham alifariki Desemba 1965. Katika mafundisho yake ya nyakati saba za kanisa alisema 1977 inapaswa kukomesha mifumo ya dunia na kuleta milenia, yaani utawala wa Kristo wa miaka elfu. Mwenzetu mmoja bado anamtetea: yale yalikuwa makisio, hakusema Bwana kamwambia. Na kweli, tumesoma wenyewe, alisema ni makisio. Hapo nilikuwa namsingizia marehemu kwamba alisema Bwana kamwambia. Nimemwomba radhi ndugu yangu mbele ya wote.

Lakini makisio hayo aliyaegemeza kwenye maono aliyosema aliyapata 1933, tena akaongeza kwamba Yesu alificha siku na saa tu, mwaka unaweza kujulikana. Hilo silikubali. Nimeirudia Mathayo 24:36, isemayo hakuna aijuaye siku ile wala saa ile, mara nyingi, na kila nikiisoma naona inatuambia tukae macho, haitupi ruhusa ya kupiga hesabu. Hatukuafikiana, ila hakuna aliyeondoka kwa hasira kama mwezi uliopita.

Kuhusu mama yangu, bado anasali kwa wafuasi wa Branham. Mlinishauri nisimbishie, nimetii. Jumapili nilimsindikiza hadi getini, nikamsubiri, tukarudi wote Mbagala.

Asanteni sana.