Vyumba vya kupangisha au hisa? Watu wa Malindi, tupeane uzoefu

Jamaani, nimebakisha miaka saba nistaafu. Niko na kiwanja Muyeye na akiba kidogo. Mama watoto ataka tujenge vyumba sita, kijana wetu asema ninunue hisa. Aliyejaribu anieleze alichokiona, si alichosikia.

Mama wa Maweni: Mimi nina vinne, shilingi 4,500 kila kimoja kwa mwezi. Hawakwambii kuhusu chumvi! Mabati yangu yalianza kulika kwenye misumari, mwaka wa tisa yakawa chekecheke. Corona ilipofunga hoteli 2020, wapangaji watatu walikuwa watu wa hotelini. "Mama, tuvumilie." Nikavumilia miezi minane. Mmoja akahama usiku, akaniachia godoro na bili ya maji. Lakini kodi hiyohiyo ndiyo iliyomsomesha binti yangu, siisemi vibaya. Na wewe ukijenga sita kwa bei yangu, ni 324,000 kwa mwaka. Ukishavuka 288,000, KRA, watoza ushuru wa serikali ya Kenya, wataka ushuru wa 7.5% ya kodi yote ya wapangaji, mabati yaoze yasioze.

Mwalimu mstaafu, Barani: Nilinunua za Safaricom, kampuni ya simu, 2008, shilingi 5 hisa moja. Tuliomba wengi mno, nikapewa chache kuliko nilizolipia. Bei ikaanguka hadi karibu na 3, wenzangu wakauza kwa hasira. Mimi sikuuza, na si kwa ujanja, karatasi zilipotea! 2021 ikapita 40. Hapo ndipo ningeuza, tamaa ikanishika, ikashuka tena chini ya 15. Mgao wa faida wa mwaka ulioishia Machi 2024 ulikuwa 1.20 kwa hisa. Mwenye hisa 2,000 apata 2,400, akatwe ushuru wa 5%, abaki na 2,280. Haulishi nyumba, ila hakuna anayenipigia saa tano usiku kuniambia choo kimejaa.

Wa Majengo: Bwana, kabla ya yote, hati ya kiwanja iko wapi? Sisi tulirithi nyumba bila shamba. Kuta zetu, ardhi ya mtu. Kila mwezi twalipa kodi ya ardhi, na ardhi ilipouzwa, mwenyewe mpya akaipandisha. Benki nayo haikutaka hata kutusikiliza.

Wa Shela: Hisa sawa, za benki za riba mimi sizigusi.

Mwenye swali: Wa Majengo umenishika pabaya. Hati bado ina jina la marehemu baba, na tuko ndugu watano. Jumatatu naenda kwa kadhi.