"Of" imezidi: nomino ya Kiingereza inachaguaje kihusishi chake?

Karani wa Njiro ameuliza:

Habari zenu wakuu. Swali hili ni kwa wanaoandika ratiba za safari, nukuu za bei na barua za wageni hapa Arusha na Moshi. Kwa Kiswahili a-unganifu (ile "ya", "la", "wa" ya kuunganisha nomino mbili) inamaliza kazi yote: ongezeko la ada, sababu ya kuchelewa, ziara ya Materuni, punguzo la watoto, mahitaji ya magari. Ukivihamisha vilevile kwenda Kiingereza unapata "increase of fees", "reason of delay", "visit of Materuni", "discount of children", "demand of vehicles". Mhariri akizipitia anakata "of" zote hizo, lakini "price of the trip" na "lack of water" anaziacha zilivyo.

Kuna kanuni ya kushika, au kila neno ni la kukariri? Na "change" je? Ndani ya ukurasa mmoja utaikuta na "in", na "to", na "of".

Mwalimu wa Rau amejibu:

Mkuu, acha kihusishi ("of", "to", "in" na wenzake) kwanza, anza na nomino. Nomino ya Kiingereza ndiyo inayochagua kihusishi cha kuifuata. A-unganifu yetu inabeba umiliki, sehemu, kusudi, chanzo, mwelekeo na mtendwa, vyote kwa herufi moja. "Of" haina mabega mapana hivyo.

Inafanya kazi vizuri kwenye sehemu ya kitu, "the roof of the vehicle". Kwenye kipimo, "a litre of water". Kwenye sifa ambayo kitu chenyewe kinayo, "the price of the trip", "the height of Mount Meru". Kwenye upungufu, "lack of water". Na kwenye kitendo kilichogeuzwa nomino huku kile kilichotendwa kikifuata nyuma: "the cancellation of the booking", "a description of the route". Nje ya hapo ishuku kabla hujaiandika.

"A visit of Materuni" inasikika kana kwamba Materuni ndiyo iliyokwenda kutembea. "Visit" ina mwendo ndani yake, kwa hiyo inataka "to", sawa na "a trip to Tarangire", "a hike to Materuni Waterfall", "the road to Moshi", "a ticket to Moshi". Lakini "tour" inachukua "of": "a tour of a coffee farm". Mgeni kwenye "tour" anazungushwa ndani ya mahali penyewe, haishii kufika tu. Ratiba ikiwa na maneno haya mawili kwenye mstari mmoja, kila moja lipewe chake: "a visit to Moshi and a tour of a coffee farm".

"To" hiyohiyo inakaa na "solution", "answer", "access", "damage" na "key". Funguo ya chumba namba 12 ni "the key to room 12". Uharibifu wa gari ni "damage to the vehicle". Hili la mwisho angalieni sana kwenye fomu za bima, kwa sababu "destruction" inachukua "of" na maana zake zinakaribiana.

"For" inafuata kinachotakiwa, kinacholipiwa au kinachoelezwa: "demand for vehicles", "a request for a refund", "a receipt for the deposit", "the reason for the delay". Hapohapo kuna mtego: "cause" haifuati "reason". Tunasema "the reason for the delay" lakini "the cause of the accident". "On" inakaa pale jambo linapoelemea kitu kingine: "a tax on fuel", "a ban on plastic bags", "the effect of rain on the road". Ona huo mfano wa mwisho: "effect" imechukua vihusishi viwili, "of" kwa kinachosababisha na "on" kwa kinachoathirika. Ukivibadilishana, barabara itakuwa imeathiri mvua.

Kosa jingine linatoka kwenye kitenzi. Mtu anajua "we discussed the price" haina kihusishi, basi kwenye nomino anabaki bila cha kuandika na anachomeka "of" popote. Mwingine anafanya kinyume: amezoea "a discussion about the price", anairudisha kwenye kitenzi, anaandika "we discussed about the price". Kitenzi na nomino yake visomwe kama maneno mawili tofauti. "Request a refund" lakini "a request for a refund". "Enter the park" lakini "entry to the park". "Emphasise safety" lakini "emphasis on safety". "Affect the road" lakini "an effect on the road". Kivumishi nacho kina njia yake: "proud of the team", halafu "pride in the team".

Dawati la Kijenge amejibu:

Mwalimu amemaliza msingi. Mimi niingie kwenye bei, maana kosa la hapo linaleta ugomvi wa hela.

Nomino za kupanda na kushuka, yaani "increase", "rise", "drop", "reduction", zinabeba vihusishi viwili kwa pamoja. "In" inaonyesha kilichobadilika, "of" inaonyesha kiasi. Kwa hiyo: "an increase of 10 per cent in transport costs". Ukiandika "an increase of transport costs", msomaji anaitafuta namba pale ulipoweka gharama. "Discount" nayo inagawana kazi hivyohivyo, ila ina nafasi tatu: "a discount of 10 per cent on the room rate for children". Kiasi kina "of", kinachopunguzwa kina "on", anayefaidika ana "for". Ndiyo maana "discount of children" imekatwa: watoto wamekaa kwenye nafasi ya kiasi.

"Change" sasa. "A change in the weather" ni kitu kilichogeuka chenyewe, hakuna aliyekigusa. "A change to the itinerary" ni mtu ameshika kalamu akarekebisha. "A change of vehicle" ni kuacha kimoja na kuchukua kingine, na nomino inayofuata mara nyingi haina "a" wala "the". Kwenye masharti ya malipo tofauti hii ina uzito. "Changes to the itinerary are charged" inamhusu mgeni aliyeomba marekebisho. Ukiandika "changes in the itinerary", mgeni anaweza kudai kwamba mabadiliko yalitokea tu na yeye hakuomba.

La pili linaloharibu matangazo ni "chance". "A chance to see lions" ni fursa: tutakupeleka wanapopatikana. "A good chance of seeing lions" ni uwezekano: unakadiria kwamba simba wataonekana. Anayeahidi Ngorongoro achague kwa makini. "Possibility" inataka "of seeing", siyo "to see". "Ability" ni kinyume chake: "the ability to walk for six hours", kamwe siyo "of walking". Na "commitment to" mara nyingi inafuatwa na "-ing", "our commitment to reducing waste", kwa sababu "to" hiyo hapo ni kihusishi, siyo "to" ya kitenzi.

Kwa wa mlimani: "an attempt on the summit", "an ascent of Kilimanjaro", "a climb to Uhuru Peak, at a height of 5,895 metres", "a seven-day trek on the Machame Route". Hiyo "seven-day" haina "s". Ukitaka "days", sema "a trek of seven days".

Karani wa Njiro:

Asanteni sana, hapa nimepata mwanga. Sentensi hii sasa, vihusishi vyenyewe vinaonekana sawa lakini bado inakataliwa: "The list of items for climbers on the Machame Route with prices are attached." Tatizo liko wapi?

Mwalimu wa Rau:

Yapo mawili. Kwanza "are". Kitenzi kinamtazama mkuu wa kirai, yaani nomino inayoongoza fungu lote la maneno, naye ni "list", umoja. "Items", "climbers" na "prices" wamejipanga nyuma yake, hawana sauti. Kwa hiyo ni "is". Ukisoma haraka sikio linamsikia wa mwisho, ndiyo maana kosa hili linapita hata kwa wenye Kiingereza kizuri. Tofauti zipo na lazima zijulikane: "a number of guests have arrived" ni wingi, "the number of guests has gone up" ni umoja. Na "most of" inafuata kinachokuja nyuma yake: "most of the luggage is here", "most of the bags are here".

La pili ni "with prices". Kirai cha kihusishi hushika nomino iliyo karibu, kwa hiyo hapo "prices" zimeshika "Route". Njia yenye bei! Kilete karibu na kinachokihusu: "The list of items, with prices, for climbers on the Machame Route is attached." Au kipunguze mkia kwa kuhamisha neno mbele: "The price list for climbers on the Machame Route is attached."

Dawati la Kijenge:

Kuhamisha mbele kunasaidia, ila kuna pale kunapogeuza maana. Kikombe cha kahawa kwetu ni kile chenye kahawa au kile cha kunywea kahawa. Kwa Kiingereza "a cup of coffee" ina kinywaji ndani, "a coffee cup" inaweza kuwa tupu kwenye rafu. Vivyo hivyo "a bottle of water" na "a water bottle". Kwenye orodha ya vifaa vya kupandia ukiandika "two bottles of water", mgeni ataleta maji ya dukani badala ya chupa za kujaza kambini.

Msomaji wa Shanty Town amejibu:

Niongeze namna ya kuhakikisha. Chukueni kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, za Oxford, Longman na Cambridge zipo bure mtandaoni. Tafuta nomino, siyo kihusishi, na uhakikishe uko kwenye ingizo la nomino, kwa sababu "increase" na "request" zina ingizo la kitenzi pia. Angalia maneno yaliyokolezwa wino kabla ya mfano. Hapo ndipo kihusishi kinapoandikwa. Kikiwepo zaidi ya kimoja, soma mifano yote kabla hujachagua. "View" kwa mfano inakupa "a view of Kilimanjaro", "a view from the rooftop" na "views on tipping", na hii ya mwisho ni maoni, haina mlima ndani yake. Kisha iandike nomino kwenye daftari pamoja na mkia wake wote: "view of something from somewhere". Ukiandika "view" peke yake, kesho utarudi kuuliza.