Tusimame wapi na mtoto kati ya Dar es Salaam na Mbeya?

Swali: Ndugu zangu, tunasafiri kwa gari kilomita zaidi ya 800 pamoja na binti yetu wa miaka 6, ambaye huchoka upesi; ni vituo gani vitamfurahisha?

Jibu: Barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mwanangu, aliyekatazwa kushuka garini, alihesabu twiga na swala hata akasahau kuuliza tutafika lini.

Jibu: Wangu alipenda mibuyu ya Ruaha Mbuyuni (vitunguu tulinunua sisi wazazi). Laleni Iringa, kisha mpelekeni Isimila akaone zana za mawe za kale na nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko.

Muulizaji: Ahsanteni, tutalala Iringa.