Tupeane uzoefu: muziki ulikutuliza vipi ulipoelemewa na mawazo?

Mwana-Keko:
Ndugu zangu, habari za jioni. Leo nikiwa kwenye daladala ya Mbagala, tumekwama kwenye foleni maeneo ya Mtoni, dereva alibadilisha redio akaweka zilipendwa. Gitaa la solo lilipoingia tu, nilihisi mabega yangu yakilegea. Tangu nilipopunguzwa kazini, usingizi umekuwa wa kubahatisha na presha imepanda, lakini kwa muda wote wa wimbo ule nilirudi sebuleni kwa marehemu baba, ambaye hakukubali kupitwa na muziki wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nimeupenda muziki wa dansi tangu sijajua kusoma. Ningependa kusikia kutoka kwa wenzangu mlioupenda muziki maisha yenu yote: uliwasaidia lini, na mliusikiliza vipi?

Mkazi wa Magomeni:
Umenigusa, kaka. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, na redio ya mzee hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa.

Mpenzi wa Msondo:
Mkuu, pole kwa masaibu. Mimi nimekulia kwenye Msondo, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikawa JUWATA, kisha OTTU. Wimbo wa dansi wa zamani kwa kawaida una sehemu mbili: kwanza kisa kinasimuliwa taratibu, mwimbaji akipokezana na magitaa, halafu ndipo chemko linapoingia na watu wanainuka kucheza. Mwenye mawazo asikimbilie chemko. Akae na ile sehemu ya kwanza, avute pumzi kwa kufuata mwendo wa besi, na moyo utatulia wenyewe. Bendi nyingine zina haraka mno kwa kazi hiyo.

Damu ya Sikinde:
Hapo mwisho umetukosea adabu, ndugu yangu. Sikinde, tangu ilipoanza mwaka 1978 ikiitwa Mlimani Park, haijawahi kuwa bendi ya haraka, na ala zake za kupuliza ndizo zilizonivusha msiba wa mwanangu. Usiseme jambo usilolijua.

Mkazi wa Magomeni:
Wakubwa zangu, marehemu Muhidin Gurumo aliimba Msondo na akaimba Sikinde, kwa hiyo mmetulizwa na sauti moja. Turudi kwenye mada.

Mzee wa Ilala:
Ushauri wangu ni mfupi: ukiwa na majonzi, usisikilize nyimbo za majonzi. Weka za harusi.

Mama Segerea:
Shikamoo mzee wangu, lakini kwa hili sikubaliani nawe. Nilipofiwa na mume wangu, nyimbo za furaha zilinikera kama kelele za jirani asiyejua kwamba una msiba. Kilichonisaidia ni kwaya ya usharikani, hasa zile nyimbo za mazishi ambazo nimeziimba tangu nikiwa msichana katika sauti ya pili. Mtu anayeimba hulazimika kuvuta pumzi ndefu na kuitoa polepole, na baada ya beti chache kifua kinaachia. Nililia, ndiyo, lakini nililia nikiwa katikati ya watu.

Binti wa Tandika:
Naomba mnivumilie, kwa sababu maelezo yangu ni marefu. Mama yangu ni mpenzi wa taarabu tangu ujana wake, na hapa mtaani hakuna shughuli iliyofanyika bila yeye kuongoza kiitikio. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kikamnyima maneno. Hospitali tuliyompeleka walishughulikia presha, lakini hakuna aliyetueleza kwamba akili yake iko timamu na kilichoharibika ni njia ya maneno. Siku mbaya kuliko zote ni ile aliyotaka kitu akawa anasema "ta, ta, ta". Tulimletea taulo, tukawasha taa, tukampikia tambi. Akapiga godoro kwa mkono wa kushoto huku machozi yanamtoka, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kumtazama. Mdogo wangu alikuwa uani anaosha vyombo, akiimba taarabu moja ya zamani bila kuwaza lolote. Alipofika kwenye kiitikio, tulisikia sauti ya mama ikitoka chumbani, maneno yote yamekamilika na mahadhi hayakupinda. Tangu hapo tukawa tunaongea naye kwa kuimba. Wiki kadhaa baadaye, kwa mahadhi ya wimbo ule ule, alifaulu kututajia kile alichokitaka siku ile. Ilikuwa ni tasbihi yake.

Mkazi wa Magomeni:
Nimesoma mara mbili. Allah amzidishie afya.

Mzee wa Ilala:
Huu ni muujiza, binti yangu. Msiuchanganye na mambo ya kitabibu.

Mtaalamu wa Mazoezi Tiba:
Mzee wangu, Mungu ashukuriwe, lakini jambo hili linafahamika. Kwa watu wengi usemi hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, ilhali uimbaji huushirikisha pia upande wa kulia, ndiyo maana mgonjwa asiyeweza kutamka "maji" anaweza kuimba ubeti mzima. Wataalamu wa usemi hutumia mahadhi kumfundisha mgonjwa sentensi fupi, huku akigonga mapigo kwa mkono wa kushoto. Si kila mgonjwa hufanikiwa, na huenda polepole.

Damu ya Sikinde:
Mama wa Tandika amemaliza ubishi wetu wa bendi. Mwana-Keko, sikiliza bila kuvaa spika za masikioni, sauti iwe ya chini.

Mpenzi wa Msondo:
Mimi namshauri azivae, la sivyo kelele za nyumbani zitamfuata. Dawa za presha usiziache, mkuu.

Mama Segerea:
Binti wa Tandika, kaka yangu yuko katika hali kama ya mama. Tuanze na wimbo upi?

Binti wa Tandika:
Anzeni na ule alioujua kabla hajaoa, mama yangu. Uimbeni polepole, mkae upande wake wa kushoto aone midomo yenu, na mkifika kwenye kiitikio nyamazeni mmwachie nafasi. Akikosea neno, msimsahihishe. Endeleeni na ubeti unaofuata.