Chuo kina matawi matano ya uhandisi, karakana ina kufuli!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo natapika.

Brosha ya chuo chetu inajigamba: ujenzi, umeme, mitambo, elektroniki, na mwaka huu wameongeza mekatroniki, yaani mitambo, elektroniki na kompyuta kwa pamoja. Mekatroniki! Chuo ambacho mashine ya kukereza vyuma imefunikwa turubai, na mwenye funguo za karakana kila ukimuulizia "katoka kidogo".

Mwaka wa kwanza sina ugomvi nao. Kusoma wote pamoja hisabati, fizikia na michoro ya kihandisi ni sawa kabisa, misingi ni ileile. Balaa linaanza mkishagawanywa, maana mnagawanywa kwa majina tu.

Mimi niko umeme. Mota ya fezi tatu tumeisoma ubaoni: ukiiwasha moja kwa moja inavuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, ndiyo maana unaianzishia kwenye sta (koili zake zimeungwa kwa umbo la nyota), mkondo huo ushuke hadi theluthi yake, kisha unaihamishia delta (umbo la pembetatu). Safi. Saketi hiyo naichora hata usingizini. Kontakta yenyewe, ile swichi ya sumaku inayofanya huo uhamisho, sijawahi kuishika. Siku nitakapokuwa kazini kontakta ya sta na ya delta zikashika kwa pamoja, hiyo ni shoti ya fezi kwa fezi, na atakayekuwa amesimama mbele ya paneli ni mimi, si mkuu wa idara.

Ila kinachoniuma zaidi ni cha wenzangu wa ujenzi. Zege la kupima humwagwa kwenye kalibu za mchemraba, milimita 150 kila upande, likakaa majini, likavunjwa siku ya 7 na ya 28. Hapo ndipo unapojua kama mchanganyiko wako utabeba mzigo au la. Sasa mashine ya kuvunjia imekufa. Kinachofanyika? Wanapewa matokeo ya waliowatangulia, wanayanakili, wanachora grafu nzuri, wanapata alama. Jamani, huko ni kumfundisha mtu kughushi kipimo kabla hajakabidhiwa ghorofa! Halafu likiporomoka tunaambiwa mkandarasi alichakachua. Alijifunzia wapi?

Mitambo nao wana maikromita moja, kile kifaa cha kupimia unene mdogo mno, imefungiwa kabatini ofisini isije ikaharibika. Sawa, haitaharibika.

Ukilalamika, jibu ni hilohilo: "Hayo mtayakuta kiwandani kwenye mafunzo ya vitendo." Unafika kiwandani, msimamizi anakuuliza, "Kwani chuoni hamkufundishwa?" Anakupa ufagio. Na simlaumu, nani atamwachia mashine yake mtu ambaye hajawahi kugusa hata ya chuoni kwao?

Na ada ya vitendo imo kwenye malipo kila muhula. Tulipouliza inatenda nini, tukaambiwa tuandike barua. Tumeandika. Kimya.

Msimamo wangu: wafute matawi wasiyo na vifaa vyake, wabaki hata na mawili, lakini wayafundishe kwelikweli. Hakuna aliyewalazimisha kuwa na matano.

Mlioko vyuo vingine, hasa wa umeme na ujenzi, semeni ukweli: mmewahi kufunga hiyo sta-delta kwa mikono yenu? Zege mmelivunja wenyewe, au nanyi mnarithi grafu? Na kama kuna waliowahi kubana uongozi hadi karakana ikafunguliwa, walipitia njia gani? Barua tumeshaandika, msituambie tuandike nyingine.