Biskuti za matunda: zinatanuka, ladha haisikiki, na aisingi ya rozela inageuka kijivu

KaimatiMoto

Habari za jioni wadau. Nataka biskuti za sukari zenye ladha ya tunda, zile za kukata umbo la embe, nanasi au kipande cha tikitimaji kisha unazipamba. Vipimo ninavyotumia: unga wa ngano gramu 400, majarini gramu 250, sukari gramu 200, yai 1, bekingi pauda kijiko 1 cha chai, juisi nzito ya pasheni mililita 80. Oveni ya gesi, nyuzi 180, dakika 12.

Donge linatoka laini mno, inabidi niongeze unga ndipo lisukumike. Zikiingia ovenini, embe linatanuka linakuwa duara, katikati panafutuka kisha panabonyea. Pasheni haisikiki, ni utamu mtupu. Juu naweka aisingi ya ute wa yai yenye rangi ya rozela: rangi inaingia bakulini ikiwa nyekundu safi, nikikoroga inakuwa zambarau iliyofifia, karibu kijivu. Baada ya masaa 10 bado inanata kidoleni. Niko Tanga, friji ipo. Nakosea wapi?

Chekecheke

Anza na hizo mililita 80. Juisi ya pasheni sehemu kubwa ni maji, na biskuti ya kukata haitaki maji. Yanayeyusha sukari kabla ya moto, donge linalegea, unaongeza unga, unakanda tena, ngano inaanza kuvutika kama ya chapati. Matokeo yake biskuti imetanuka na bado ni ngumu. Harufu ya pasheni nayo ni nyepesi, ovenini inaondoka na mvuke. Kwa hiyo gawa kazi: kwenye donge tia tunda kavu au maganda, juisi ipeleke kwenye aisingi ambayo haipiti motoni.

Tunda kavu tunalo, wala halihitaji kuagizwa: ubuyu. Unga wake unakauka wenyewe ndani ya kibuyu, una uchachu wa kutosha na hauna maji ya kuharibu donge. Chukua ubuyu mweupe usiotiwa kitu. Ule mwekundu wa kumung'unya usiuguse, umepakwa sukari na rangi, utaungua. Twanga taratibu kwenye kinu, usivunje mbegu, kisha chekecha mara mbili kwa chekecheke laini ili nyuzi zile nyekundu zibaki juu. Gramu 25 zinatosha, na upunguze unga wa ngano kwa kiasi hicho hicho. Ukivuka gramu 40 donge linapasuka ukisukuma, kwa sababu ubuyu unafyonza unyevu kwa nguvu.

Vipimo vya donge:

Unga wa ngano gramu 425 (zile 25 zimeshapunguzwa)
Unga wa ubuyu gramu 25
Siagi gramu 225
Sukari laini gramu 170
Yai 1
Chumvi nusu kijiko cha chai
Maganda ya malimau 2 au ndimu 4, yaliyokwaruzwa

Bekingi pauda toa kabisa. Ndiyo inayofutua katikati halafu panabonyea. Angalia pia unga wenyewe: ule unaoumuka peke yake umeshatiwa bekingi pauda kiwandani, haufai hapa.

Maganda kwaruza ile rangi ya juu tu. Ukifika kwenye nyeupe umefika kwenye uchungu. Kabla ya siagi kuingia, changanya maganda na sukari, yasugue kwa vidole dakika 2 hadi sukari iwe na unyevu kama mchanga wa pwani na harufu ipande. Mafuta ya ganda ndiyo yanayobeba ladha, nayo yanavumilia oveni kuliko juisi.

Siagi: mapishi ya ughaibuni yakisema siagi ya joto la chumbani, chumba chao ni nyuzi 18 hadi 20. Tanga Januari ni zaidi ya 30, hapo siagi inakaribia kuyeyuka. Itoe kwenye friji dakika 10 tu: kidole kizame kidogo, ising'ae. Ipige na sukari dakika 1 au 2, basi. Ukipiga dakika 8 kama unapika keki unaingiza hewa, na hewa ikitoka biskuti inalala. Tia yai, kisha unga wote mara moja, changanya hadi ushikamane, acha.

Sukuma papo hapo kati ya karatasi mbili za kuokea, usisubiri donge liingie friji likawa jiwe. Unene milimita 6 au 7: weka penseli mbili za mbao, moja kila upande, mti wa chapati upite juu yake. Penseli ina karibu milimita 7, haidanganyi. Peleka karatasi na donge lake kwenye friji dakika 45, kata maumbo, kisha trei iingie friza dakika 15 kabla ya kuoka. Siagi iliyoganda inachelewa kuyeyuka, ukingo unapata muda wa kushika. Nyuzi 175, dakika 10 hadi 12. Toa pale ukingo unapoanza tu kubadilika rangi. Katikati pataonekana pabichi, lakini panamalizika kwenye trei. Hapo unapata biskuti 40 na ushee za sentimita 6.

BiMkubwaJikoni

Nakubali yote isipokuwa siagi. Bei ya siagi tunaijua, na anayeuza biskuti hawezi kuila hasara hiyo kila wiki. Majarini haina kosa ukisoma pakiti yake. Siagi ina mafuta asilimia 80 au zaidi kidogo. Majarini yenye 80 inafanya kazi ile ile. Shida ni zile za kupaka mkate zenye 60 au 70, kinachobaki humo ni maji, na maji Chekecheke ameshayaeleza. Kama unayo ya 70, usiongeze wingi wake ili kufidia. Badala yake tia kiini cha yai tu bila ute, na friza iwe dakika 25.

Oveni ya gesi moto wake unatoka chini. Panga trei mbili, moja juu ya nyingine, ndipo uweke biskuti, la sivyo chini zinaungua na juu nyeupe. Na usiiamini namba ya kwenye kitufe. Weka kijiko cha sukari kwenye kipande cha foili, kitie ovenini dakika 15. Kwenye nyuzi 175 za kweli inabaki punje punje. Ikiyeyuka, oveni yako imepita 185, punguza.

Wa mkaa pia hawajasahauliwa: sufuria kubwa, mchanga mkavu sentimita 2 chini, kigae au kifuniko kidogo kama kiti cha trei, mkaa mwingi juu ya mfuniko na kidogo chini. Ipashe moto dakika 20 kabla. Oka biskuti 6 kwa mkupuo, zisizidi, na usifunue kabla ya dakika 9.

FundiWaAisingi

Upande wa juu niachieni mimi.

Rangi ya rozela inategemea uchachu. Kwenye ndimu ni nyekundu. Kwenye kitu kisicho na uchachu inaenda zambarau, kisha buluu ya kijivu. Ute wa yai ndivyo ulivyo, hauna uchachu kabisa, na yai likikaa siku nyingi ndiyo unazidi. Dawa ni ndimu: kijiko 1 cha chai kwa ute wa mayai 2, itangulie kabla ya rozela. Ikianza kufifia ongeza matone, inarudi mbele ya macho yako. Rozela yenyewe iwe nzito: gramu 10 kavu kwa mililita 60 za maji yanayochemka, funika dakika 15, chuja, chemsha tena hadi vibaki vijiko 2 vya chakula. Nyepesi itakulazimisha kumimina nyingi, na aisingi itakuwa uji. Ndani ya donge lenye baikaboneti usiitie kabisa, utapata biskuti rangi ya sementi.

Kunata ni habari mbili. Ya kwanza ni hewa ya pwani yenye unyevu, hasa masika. Ya pili wengi hawaijui: sukari ya tunda inavuta maji kutoka hewani. Ukijaza juisi kwenye aisingi haikauki hata uiweke siku mbili. Kwa hiyo juisi ya pasheni ichuje, chemsha mililita 200 hadi zibaki 50, ipoze, na utumie kijiko 1 tu cha chakula kwa vipimo hivi: sukari ya aisingi gramu 350, ute wa mayai 2 (kama gramu 60), ndimu kijiko 1 cha chai. Kijiko hicho kimoja kina nguvu ya vinne vya juisi mbichi.

Biskuti za watoto, wajawazito au wateja, ute mbichi acha, kuna hatari ya salmonela. Tumia ute wa unga: gramu 8 kwa mililita 55 za maji vuguvugu, uache dakika 10 ulainike, uchuje. Na bakuli likiwa na mafuta hata kidogo, ute hauumuki.

Ukisaga sukari mwenyewe kwenye blenda, tia kijiko 1 cha chakula cha wanga wa mahindi kwa kila gramu 200 na uchekeche. Punje moja ikipita inaziba tundu la mfuko wa kuchorea katikati ya mstari.

Uzito wa aisingi: chota kwa kisu, achia idondokee bakulini, hesabu. Alama ikifutika kwa hesabu ya 10 hadi 12, hiyo ni ya kujazia. Ya kuchora ukingo isimame kama ncha ya mlima. Maji ongeza nusu kijiko cha chai kwa mara moja, maana tofauti ya nzuri na mbovu ni matone.

Sasa kipande cha tikitimaji, maana ndicho kinachoharibika zaidi. Kata duara, ligawe nusu. Chora mstari mzito wa kijani kwenye upinde, milimita 4, acha dakika 30 ushike. Ndani yake mstari mwembamba mweupe, dakika 20. Ndipo ujaze nyekundu, uisukume kwa kijiti cha meno hadi iguse nyeupe bila kuipanda. Mbegu zidondoshe nyekundu ikiwa bado mbichi, ndani ya dakika moja: nukta nyeusi ndogo, kisha ncha ya kijiti iivute kidogo kuelekea katikati ya upande ulionyooka. Nukta inakuwa tone, kama mbegu kweli. Ukichelewa, utando umeshajikunja juu na nukta itaacha shimo.

Zikaushe mbele ya feni, tangu dakika ya kwanza. Feni inazuia pia vile vishimo vinavyotokea sehemu ndogo zikijazwa. Masaa 8 hadi 12. Friji hapana: ukizitoa zinatoka jasho na rangi zote zinaingiliana.

KaimatiMoto

Nashukuru sana wakuu. Swali dogo: nina embe zilizokaushwa, zile za vipande. Nikizisaga naweza kuzitumia badala ya ubuyu? Na je, nanasi kwenye aisingi linafuata utaratibu wa pasheni?

Chekecheke

Embe za pakiti zinapinda kama ngozi, maana yake bado zina maji. Ukizitia kwenye blenda zinageuka ubani na mota inalia. Zikate nyembamba, zirudishe ovenini moto mdogo kabisa, nyuzi 70, mlango ukiwa wazi kidogo, hadi zivunjike kwa sauti. Masaa 2, wakati mwingine 3. Zipoe ndani ya chombo kilichofungwa, ndipo usage na kijiko cha wanga wa mahindi. Tumia siku hiyo hiyo, kesho yake ni donge. Gramu 25 vile vile. Ladha ya embe ni pole kuliko ubuyu, kwa hiyo maganda ya ndimu yabaki, ndiyo yanayoiamsha. Kwa rangi, bizari ya manjano robo ya nusu kijiko cha chai inatosha, zaidi ya hapo unakula pilau.

FundiWaAisingi

Nanasi lazima lichemke, hata kama unadhani juisi yako ni nzito tayari. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na kinachoshika aisingi ni protini ya ute. Ukilitia bichi, aisingi inasimama vizuri dakika kumi halafu inalegea mfukoni. Papai nalo ni hivyo hivyo. Chemsha dakika 5 baada ya kutokota, kisha endelea kuipunguza kama pasheni.

BiMkubwaJikoni

Na kabla ya kujaza aisingi, biskuti ziwe zimepoa kabisa, walau saa 1. Zikiwa vuguvugu mafuta yanapanda, na kesho yake unaona mabaka meusi kama karatasi ya maandazi. Ukiona mabaka hayo hata kwenye zilizopoa, zilitoka ovenini mbichi; ongeza dakika 1.